Sonara amfundishe mpita njia?

Wasafiri wengi wa leo hawatosheki na kununua. Wanataka kukaa mezani kwa fundi, washike nyundo, waonje joto la moto, waondoke na kitu walichokitia mkono wao. Kisiwani Bali, Indonesia, biashara hiyo imekomaa. Kijiji cha Celuk kina mafundi fedha wa vizazi na vizazi, na jirani yake, Ubud, kuna madarasa ya nusu siku ambamo mgeni hupewa kipande cha fedha na mwalimu wa kumwelekeza, akatoka na pete kidoleni. Zanzibar wageni wanafundishwa kupika na wanatembezwa mashamba ya viungo. Arusha, kwenye karakana ya Shanga iliyoanza mwaka 2007 na inayoajiri watu wenye ulemavu, mgeni hutazama chupa kuukuu zikiyeyushwa na kuwa mapambo.

Tanga bado. Mji huu tunaouita Waja Leo una masonara, na una wageni wanaokwenda Amboni na Tongoni, lakini kati ya hao na hao hakuna mlango. Wengine wanasema ufunguliwe kesho asubuhi. Wengine wanasema ukifunguliwa ndiyo mwisho wa kazi yenyewe. Mimi nina upande wangu na sitauficha, ila upande huo sikuupata peke yangu. Umetokana na hoja za wengine, na hoja hizo nimezigawia sauti nne. Si watu wanne ninaowataja kwa siri. Ni misimamo minne ambayo mtu yeyote aliyekaa baraza za Ngamiani ataitambua: FUNDI, sonara mzee, MWONGOZAJI, kijana anayetembeza wageni, KUNGWI, mwanamke mtu mzima anayefunda na kupamba maharusi, na MJUKUU, mwanamke aliyezaliwa Maskati, ambaye bibi yake mzaa mama alitoka Pangani, na ambaye amekuja kusalimia ndugu.

MWONGOZAJI: Shikamoo mzee. Mimi nawachukua wageni asubuhi nawapeleka mapangoni Amboni, mchana Tongoni, jioni Raskazone kuoga. Kesho yake wameshaondoka. Wameacha kiingilio, nauli na hela ya samaki, basi. Nikiwaambia yupo fundi atakayewakalisha wafue pete ya silva, wengi watalala siku ya pili. Siku ya pili ni chumba, ni chakula, ni bajaji. Pesa hiyo hupati wewe peke yako, inazunguka mtaani.

FUNDI: Marahaba mwanangu. Lakini pete unaijua inavyozaliwa? Tuseme kidole kinataka pete ya milimita 17 kwa ndani, na bamba lako lina unene wa milimita moja na nusu. Unakata ukanda wa milimita 58. Ukikata 56 pete itambana, ukikata 60 itamvuka. Unauchoma ukanda mpaka uwe mwekundu wa giza, unauzima majini, ndipo unakubali kukunjwa. Unazikutanisha ncha mbili mpaka ukiinua pete kwenye dirisha huoni nuru ikipenya, kwa sababu lehemu haizibi pengo. Inapita pale tu ncha zinapogusana. Unapaka boraksi. Halafu moto. Hapo ndipo mgeni wako atakapoharibu. Lehemu ngumu inakimbia kwenye nyuzi 750 hivi za selsiasi, na fedha yenyewe ya 925 inaanza kulegea kabla ya 900. Kati ya hapo na pale ni pumzi chache. Ukiupeleka moto kwenye lehemu badala ya pete nzima, lehemu inajikunja kama tone na kukataa kutambaa. Ukichelewa kuuondoa, pete inaanguka kama uji. Wazee walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi nilivukuta sana kabla ya kugusa moto. Huyo wako hatavukuta, kwa sababu amelipa.

MWONGOZAJI: Basi moto ushike wewe. Yeye akate, akunje, apige tupa, asugue kwa msasa.

FUNDI: Nikiushika mimi, pete ni yangu. Atawaambia watu kwao ameitengeneza yeye.

MJUKUU: Nisamehe babu, naomba niseme. Mimi nimelikalia darasa kama hilo, huko huko Ubud. Moto aliushika mwalimu, na sikujidanganya kwamba nimekuwa sonara. Nilichotoka nacho ni macho. Zamani nilikuwa naangalia bangili inavyong'aa. Sasa naigeuza ndani natafuta kiungo, naona kama imefuliwa au imemiminwa kwenye kalibu, naiweka kiganjani nausikia uzito wake, namuuliza muuzaji fedha yake ni ya ngapi. Muuzaji akibabaika naondoka. Hayo nilifundishwa kwa saa tatu.

Hoja ya Mjukuu inastahili kukaliwa kidogo. Duka lolote la mapambo ya wageni, kutoka Lamu mpaka Kilwa, linaweza kuuza metali nyeupe yenye shaba na nikeli kwa jina la fedha, na mnunuzi asitambue mpaka pete imwachie rangi ya kijani kidoleni. Fundi anayefua fedha ya kweli anashindana na mtu anayeuza kitu kisicho fedha kwa bei ya nusu. Katika shindano hilo fundi hashindwi na ubora, anashindwa na mnunuzi asiyeona. Kila mtu aliyewahi kukata ukanda wa fedha kwa mkono wake, hata vibaya, ni mnunuzi mmoja zaidi anayeona.

Na ni vizuri kukumbuka fedha ilivyotufikia, maana tunazungumza kana kwamba hapa hapajawahi kuwa na kitu. Pwani hii hatukuwa na machimbo ya fedha. Fedha ilikuja ikiwa sarafu. Mfalme wa sarafu hizo alikuwa riale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780 hata ile iliyopigwa Vienna miaka mia baadaye, ikiwa na uzito wa gramu 28 na sehemu 833 za fedha katika 1000. Riale moja ni gramu 23 na ushei za fedha safi. Ikaja rupia ya India, na kuanzia mwaka 1890 rupia ya Wajerumani iliyofuata kipimo kile kile: gramu 11.66, sehemu 917 katika 1000. Kwa sonara, sarafu ilikuwa malighafi iliyokwisha kupimwa na serikali. Mteja alileta riale zake kadhaa, akazihesabu mbele ya fundi, akarudi kuchukua mitali yake, na uzito ukalingana.

Halafu Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na shilingi ile ilikuwa na robo tu ya fedha. Baada ya Vita Kuu ya Pili hata robo hiyo ikaondolewa. Wanaosema kazi ya fedha iliuawa na tamaa ya dhahabu wanasema nusu ya habari. Iliuawa pia na sarafu. Mwanamke wa kawaida aliyekuwa akiweka akiba ya rupia na kuzigeuza pambo, ghafla alikuwa na sarafu isiyogeuzika kitu. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo. Wahindi wengi wa mijini wakafunga safari, wenye maduka na wenye nyundo, na ujuzi mwingi uliokuwa umekaa pwani kwa vizazi ukapakiwa kwenye masanduku.

FUNDI: Mimi leo nayeyusha vikuku vikuukuu watu wanavyoniletea, au nanunua fedha iliyotoka ng'ambo. Na nchi hii inayo. Yale makinikia yaliyozuiwa bandarini mwaka 2017, yaliyotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ndani yake mlikuwa na dhahabu, shaba na fedha. Tunaichimba, inasafiri, inarudi kwangu ikiwa punje kwenye mfuko wa nailoni. Na bei haishikiki. Oktoba 2025 aunsi moja, gramu 31.1, ilipita dola 50, ikavunja rekodi iliyokaa tangu 1980. Sasa mnataka nimpe mgeni gramu nane ajifunzie.

MWONGOZAJI: Gramu nane ni dola 13 kwa bei hiyo, mzee. Tukimtoza laki na nusu, inatosha. Mimi nachukua asilimia 20 yangu, wewe unabaki na...

FUNDI: Asilimia 20 ya nini?

MWONGOZAJI: Ya laki na nusu.

FUNDI: Yaani utakata asilimia katika fedha yangu? Fedha nimeinunua. Siku bei ikipanda mimi ninakula hasara, na wewe kamisheni yako inatoka pale pale kwenye hasara yangu. Kata kwenye mafundisho. Madini yapimwe mbali, kwenye mizani, mgeni akiona, alipie gramu alizoondoka nazo.

KUNGWI: Na unga wa tupa?

FUNDI: Unga unabaki mezani. Unapimwa kabla na baada. Sonara asiyefagia meza yake jioni atakufa maskini.

Nadhani hapa Fundi alikuwa sahihi moja kwa moja, na Mwongozaji hana la kujibu. Darasa lolote litakalochanganya bei ya madini na bei ya kazi litamfilisi fundi katika mwaka mmoja mbaya. Kwa upande mwingine, Mwongozaji ana haki katika jambo ambalo wazee hawalitilii maanani: agizo la serikali la Julai 2025 limewazuia wasio raia kufanya biashara 15, na miongoni mwake kuna kuongoza watalii, maduka ya kumbukumbu za wageni na viwanda vidogo. Kwa hiyo nafasi hii sheria imeiacha mikononi mwa kijana kama yeye na mzee kama huyu. Wasipoishika, haitashikwa na mtu mwingine kwa uwazi. Itashikwa kwa mlango wa nyuma, na jina la raia likiwa limebandikwa juu.

Mwongozaji alikuwa na mawazo mengine mawili, moja zuri na moja baya.

MWONGOZAJI: Lamu masonara wanatia vipande vya sahani za kale kwenye pete za fedha. Kaure la Kichina, buluu na jeupe. Wageni wanazigombania. Sisi tunayo Tongoni. Makaburi yale yalikuwa yamepambwa kwa mabakuli ya kaure, na ukitembea pale vigae unavikanyaga.

FUNDI: Usiniletee kigae cha Tongoni mezani kwangu.

MJUKUU: Babu, ni vipande tu vilivyoanguka.

FUNDI: Vimeanguka kwenye kaburi la mtu, binti yangu.

Na sheria iko pamoja na Fundi. Tongoni ni eneo la urithi linalolindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kigae kilichoko ardhini pale ni sehemu ya kumbukumbu ya mji uliokuwapo kabla ya Wareno kupita na meli zao mwaka 1499. Kila kigae kinachookotwa ni ukurasa unaochanwa. Anayetaka pete ya kaure achukue sahani ya mamake aliyoitunza miaka, iliyopasuka kwenye harusi fulani. Kipande hicho kina hadithi ya mwenye pete, na hakimnyang'anyi mtu.

Wazo zuri lilikuwa la Bonde la Umba. Kaskazini mwa mkoa huu, kuelekea mpaka wa Kenya, tangu miaka ya 1960 wachimbaji wametoa yakuti za rangi ambazo huko duniani zinatajwa kwa jina la bonde hilo, pamoja na ganeti za waridi na za machungwa. Mawe hayo yanapita Tanga au yanaikwepa Tanga, yanakwenda Arusha na Nairobi na Bangkok, na mtu wa Chumbageni hajawahi kuyaona. Mgeni akiweza kutia ganeti ndogo ya Umba kwenye pete ya fedha iliyofuliwa Ngamiani, ameondoka na mkoa mzima kidoleni. Fundi alikubali, ila alisema kutia jiwe si kazi ya siku ya kwanza: ukuta mwembamba wa fedha unaolizunguka jiwe unatakiwa usukumwe juu yake kidogo kidogo, upande huu na upande unaokabili, na mkono usiozoea utalivunja jiwe au utaliacha likicheza. Basi jiwe litiwe na fundi, alisema, na mgeni aambiwe hivyo bila kufichwa.

Aliongeza la moshi, na naomba hili lisipitwe haraka. Kuna lehemu za fedha zenye kadimiamu, zinazoyeyuka kirahisi na kwa hiyo hupendwa, na mvuke wake unaharibu mapafu na figo. Sonara aliyekaa chumba kisicho na dirisha maisha yake yote anaujua kifuani. Ukimwalika mtu kukaa hapo, hata kwa nusu siku, unawajibika na hewa anayovuta. Chumba chenye madirisha mawili yanayoelekeana, lehemu isiyo na kadimiamu, miwani ya macho, ndoo ya maji karibu. Mgeni atasababisha vitu hivyo vinunuliwe, na fundi ndiye atakayevitumia siku nyingine zote za mwaka.

Mpaka hapo Kungwi alikuwa amesema neno moja tu. Aliposema la pili, mjadala ulibadilika.

KUNGWI: Mmeshapanga bei, mmepanga mawe, mmepanga madirisha. Sasa niambieni: huyo mgeni atafua nini?

MWONGOZAJI: Pete, bibi. Pete nyembamba. Au kile kidude cha mkufuni chenye umbo la pomboo.

KUNGWI: Pomboo. Kwani kekee mnaijua? Bangili pana ya fedha, bapa, imechorwa nakshi. Banagiri yenye vichomozi. Mitali. Mafurungu ya miguuni. Majasi ya masikioni. Vipini. Bibi yake huyu wa Pangani alivaa kekee mbili, moja kila mkono, na alipougua mumewe aliuza moja. Ile ndiyo ilikuwa benki yake, na hakuhitaji saini ya mwanamume kuitoa. Leo nikipamba biharusi naambiwa niende kwenye duka la dhahabu ya Dubai. Tena nyingine si dhahabu, imepakwa. Ikiwa mgeni atakuja Tanga afue pomboo, pomboo huyo angeweza kufuliwa popote. Na fundi akifua pomboo miaka mitano, mkono wake utasahau kekee.

MJUKUU: Bibi amesema kweli. Kwetu Oman fedha imebaki hai kwa sababu bado inavaliwa. Jambia, linalopambwa kwa fedha, limo kwenye bendera, mwanamume hulivaa kwenye arusi na sherehe za serikali, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Sonara wa Nizwa ana wageni, ndiyo, lakini hakai kuwasubiri. Anasubiriwa na wenyeji. Hapa nimezunguka mji mzima nikitafuta kekee kama ya bibi yangu, sikuipata. Nimepata picha tu.

FUNDI: Sijaifua muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeiagiza.

KUNGWI: Na mwanafunzi je? Unaye?

FUNDI: Vijana hawataki. Wanataka bodaboda.

KUNGWI: Wavulana hawataki. Wasichana uliwauliza?

Fundi alikaa kimya, na mimi pia nilijiuliza kwa nini swali hilo halijaulizwa mapema. Tunajadili kumkalisha kwenye fuawe binti wa Berlin au wa Nairobi, ambaye tutamwona mara moja maishani, na tunaona hilo ni jambo la kawaida kwa sababu analipa. Binti wa Barabara ya Kumi na Tano, aliyemaliza kidato cha nne na ana mkono mwepesi wa kutarizi, hatujawahi kumwonyesha mlango. Kazi ya usonara pwani ilirithiwa na wanaume, baba kwa mwana au mjomba kwa mpwa, kama ufuaji chuma ulivyokuwa wa ukoo wa Washana kule Upareni. Hakuna aya wala kanuni ya kitabibu inayomzuia mwanamke kushika tupa. Mazoea ndiyo yaliyomzuia. Darasa la wageni limeyavunja mazoea hayo hata kabla halijaanza, kwa sababu wengi wa wanaolitaka ni wanawake. Ikiwa mwanamke mgeni anaweza kukaa pale, mwenyeji amekosa nini?

Basi sharti langu la kwanza ni hilo. Pesa ya mgeni ilipie kiti cha mwanagenzi. Si kwa maneno ya hisani; kwa hesabu. Kila darasa moja la mpita njia ligharimie siku kadhaa za msichana au mvulana wa hapa: gramu zake za kujifunzia, chakula chake cha mchana, tupa zake. Na mwanagenzi awe pale mgeni anapofundishwa, ashike koleo, aeleze hatua kwa hatua. Anayeeleza jambo kwa mtu asiyelijua analijua zaidi mwenyewe. Fundi naye aende VETA, mamlaka ya ufundi stadi, apimwe chini ya utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hana cha kujifunza huko kuhusu pete, lakini cheti kitamwezesha kumwandikia mwanagenzi barua ambayo benki na halmashauri zitaisoma.

Sharti la pili ni la Kungwi: umbo liwe la hapa. Mgeni wa nusu siku hawezi kufua kekee kamili, lakini anaweza kufua ukanda mwembamba uliochorwa nakshi moja ya kekee, akaambiwa nakshi hiyo ilikaa wapi kwenye bangili ya bibi, na kwa nini. Mwanamume anaweza kufua pete ya fedha ya kutia akiki, kwa kuwa Mwislamu mwanamume amekatazwa dhahabu na ameruhusiwa fedha, na ndiyo maana pete za kiume za pwani zina rangi ile. Mgeni asiye Mwislamu ataondoka ameelewa kitu kuhusu watu aliowatembelea ambacho hakimo kwenye ratiba ya mapango.

Wapo wanaosema nina haraka ya kuwakinga wenyeji, kwamba wageni wenyewe wamewahi kuufufua ufundi uliolala. Mfano wao ni Taxco, Meksiko. Mmarekani William Spratling alihamia huko mwaka 1929, mwaka 1931 akafungua karakana, akawaleta mafundi, akachukua maumbo ya kale ya nchi ile na kuyatia kwenye fedha, na wanagenzi wake wakaja kufungua karakana zao mpaka mji mzima ukawa mji wa fedha. Ni mfano mzuri, na unaniunga mkono mimi. Spratling alikaa. Aliishi huko mpaka kufa kwake mwaka 1967. Na kilichoujenga mji hakikuwa watalii kufundishwa, kilikuwa vijana wa pale kufundishwa na maumbo ya pale kuagizwa.

Sijui kwa nini jambo hili la maagizo linanigusa zaidi ya mengine. Labda kwa sababu barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo inajengwa, bomba la mafuta kutoka Uganda linaishia Chongoleani hapo karibu, na kila mtu anasema watu wanakuja. Watakuja. Lakini fundi anayewategemea wanaokuja pekee atalala njaa msimu wa mvua, na kazi yake itakuwa onyesho. Fundi mwenye maagizo ya mtaani anapomkalisha mgeni mezani, mgeni anakaa katikati ya kazi inayoendelea: kipini cha mtu kinasubiri kung'arishwa, mtali wa mtu umekatika, mwenyewe anakuja jioni. Hapo anajifunza kitu cha kweli.

Niliyaweka masharti hayo mbele ya sauti zangu nne. Mwongozaji alikubali kamisheni ya mafundisho tu, ila alitaka darasa liuzwe pia kwa wasafiri wa ndani, kwa bei yao: mwalimu wa Mwanza aliye likizo, muuguzi wa Dodoma, wanafunzi wanaokuja kuona Amboni. Nikasema ndiyo, na Kiswahili kiwe lugha ya kwanza ya meza. Mjukuu alitaka pete aliyoifua mgeni ipigwe muhuri wa karakana. Fundi alikataa, na hakulegea: muhuri ni wa kiungo alichokifunga yeye au mwanagenzi aliyemwamini, pete ya mgeni itapigwa namba ya fedha, 925, kwa kuwa hiyo anaidhamini, na jina lake halitakuwepo. Walibishana juu ya hilo muda mrefu na hawakupatana. Mimi niko na Fundi.

Likabaki swali la Mwongozaji, na lilikuwa swali la haki.

MWONGOZAJI: Sawa, msichana amejifunza. Mwaka umekwisha, anafua kekee. Nani atainunua? Mgeni hainunui, ni nzito na ni ghali. Wenyeji wanataka dhahabu.

KUNGWI: Mimi.

FUNDI: Wewe, Bi Mkubwa?

KUNGWI: Nina harusi baada ya mfungo, na biharusi hana dhahabu na hataki ya kupaka. Nataka kekee mbili, upana wa vidole viwili, nakshi ya kale, si ya kitabuni. Fedha nitaleta mwenyewe, ninayo mitali ya marehemu mama imekatika. Uipime mbele yangu. Na huyo msichana mtakayempata akae hapo kuanzia siku ya kwanza, aone inavyoyeyushwa. Zisipolingana uzito nitazirudisha.